Wito Nilioupokea Mume Wangu Akikoroma

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha pale mume wangu alipotolewa kwenye kiwanda cha mikate na askari wawili, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitarudi nyuma kidogo tu, maana aibu yangu yenyewe ni nzito, sitaki kuibeba mara mbili.

Miezi saba kabla ya siku hiyo, tarishi wa mahakama alibisha mlangoni kwangu saa nne asubuhi. Mume wangu huoka usiku, mchana hulala. Tarishi alikuwa na karatasi mbili zinazofanana, moja ya kuachiwa mwenyewe, ya pili ya kutiwa sahihi na kurudishwa mahakamani. Ulikuwa wito wa shauri la matunzo ya mtoto, na aliyefungua shauri alikuwa mwanamke.

"Mwenyewe yuko ndani," nikamwambia. "Ngoja nimpelekee asaini."

Nikaingia. Mume wangu anakoroma. Nikaiweka karatasi juu ya meza ninayokatia vitambaa, nikaisaini kwa jina lake, nikamrudishia tarishi. Akanishukuru, akaenda zake. Ile nyingine nikaichoma jikoni.

Mtaniuliza kwa nini. Sikutaka wakae benchi moja, basi. Kichwani nilimwona mume wangu amevaa shati lake jeupe, yule mwanamke pembeni yake, wanasubiri kuitwa, wanasalimiana, wanaulizana habari za siku nyingi. Roho ilinichoma. Mtoto sikumuwaza, sheria sikuiwaza. Niliwaza benchi.

Kumbe mahakama haingoji mtu. Shauri lilisikilizwa bila yeye, amri ikatoka, miezi ikapita hajatoa kitu, deni likapanda. Sasa wakamkamata.

Haya, tuendelee.

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulifika mahakamani asubuhi ile ile. Wifi ni mtu wa maneno kumi kwa pumzi moja. Njia nzima alikuwa akiwalaani watu asiowajua.

Mume wangu walikuwa wamemweka mahabusu, chumba cha nyuma ya jengo chenye dirisha la nondo. Unga ulikuwa umemkaukia mikononi. Akanitazama, kisha akatazama chini.

"Mama Bonge, kuna jambo sijawahi kukwambia."

Nikajitia hamnazo. "Jambo gani tena, Baba Bonge?"

"Nina mtoto mwingine. Msichana. Ana miaka tisa."

"Na nani?"

"Na mama mmoja hivi, anauza kwenye duka la dawa. Ilikuwa kabla yako."

Nikaangua kilio. Kilio kilikuwa cha kweli, mshangao ndio ulikuwa wa uongo. Kujua jambo kwa miezi saba hakukupunguzii maumivu siku unapolisikia kwa mdomo wa mwenye nalo. Tena alisema "mama mmoja hivi" taratibu, kama anayeshika kitu kisivunjike. Nililiona hilo. Mwenye wivu hapitwi.

"Kinachonichanganya," akaendelea, "wanasema niliitwa nikapuuza. Mimi sijaona wito wowote. Wallahi sijaona karatasi."

Wifi akadakia. "Basi umechezewa, kaka. Huyo mwanamke amemhonga tarishi."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Haswa. Atakuwa ni yeye."

"Shauri lako linasikilizwa saa ngapi?" wifi akauliza.

"Saa nane mchana."

"Muda upo. Wifi, twende masjala tukalione hilo faili."

Ningesema nini? Nikamfuata.

Masjala ilikuwa chumba kirefu kinachonuka vumbi na gundi, rafu mpaka darini, mafaili yamefungwa kwa kamba. Mbele palikuwa na kijidirisha cha kioo, na nyuma yake karani wa makamo, sweta limetoboka kiwiko, anachora mistari kwenye daftari kwa rula.

"Namba ya shauri?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hatuna," akasema wifi.

Namba nilikuwa nayo kichwani. Niliisoma mara nyingi kabla ya kuichoma. Nikajifanya nasoma tangazo ukutani.

"Bila namba, nipeni majina ya pande mbili na mwaka."

Tukampa majina. Mwaka, wifi akasema huu. Karani akafungua rejesta kubwa, akashusha kidole ukurasa kwa ukurasa. Hakuna.

"Mmekosea mwaka. Shauri linaandikwa mwaka lilipofunguliwa, siyo mwaka mtu alipokamatwa." Akavuta rejesta ya mwaka jana. Kidole kikashuka, kikasimama. "Hili hapa. Matunzo ya mtoto. Leo saa nane."

Akainuka, akaenda rafuni, akarudi na faili. Akaliweka upande wake wa kioo.

"Wewe ni nani katika shauri hili?" akaniuliza.

"Mke wake."

"Nimesikia. Nimeuliza katika shauri."

"Si ndiyo hivyo, mke wake."

Akatabasamu kwa huruma, na huruma ile nilitamani nimrudishie usoni. "Dada yangu, mafaili ya watoto hayafunguliwi kwa kila mtu. Anayeruhusiwa ni aliyeomba matunzo, aliyeombwa, na mawakili wao. Wengine mpaka wapewe ruhusa kwa maandishi. Wewe ni mke tu."

Mke tu.

"Na yule mwanamke?" nikauliza.

"Yule ni mwombaji. Alikuja jana, akalipia, akakaa kwenye kile kigoda akalisoma lote."

Nikakitazama kigoda. Cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya. Yeye amekaa pale, amefungua habari za mume wangu, mimi nasimama nje ya kioo. Juu ya jalada niliona majina yao mawili, lake juu, la mume wangu chini, katikati neno moja tu, "dhidi". Yamepigwa muhuri wa serikali, yamefungwa kamba moja. Cheti changu cha ndoa kiko ndani ya sanduku na mende wamekila pembeni. Yalinikata maini, jamani. Sijui kama mtanielewa, lakini nililionea wivu faili.

"Fanya hivi," karani akasema. "Mwenyewe si yuko hapo nyuma? Aandike barua fupi kwamba anakuruhusu ulione, asaini. Wewe ulipie kaunta ile, uniletee stakabadhi."

Wifi alishatoka mbio. Nilipomaliza kulipia, amerudi na kikaratasi. Maneno mawili matatu ya mume wangu, mwandiko wa kulala, na chini sahihi yake.

Karani akakisoma, akaigonga muhuri stakabadhi yangu, akatufungulia mlango wa pembeni. Nikakataa kukaa kwenye kigoda. Nikasoma nimesimama.

Kitu cha kwanza kilikuwa picha ya mtoto, ndogo, imebanwa kwa pini. Masikio ya mume wangu. Hata wifi alisema, "Huyu wetu."

Halafu kiapo cha mama yake. Kilikuwa kurasa mbili. Alieleza kwamba baba wa mtoto alikuwa akileta matumizi kila mwisho wa mwezi kwa mkono wake mwenyewe, hakukosa, mpaka miaka miwili iliyopita alipoacha ghafla bila kusema neno.

Miaka miwili iliyopita. Nikahesabu mara moja tu, sikuhitaji mara ya pili. Ndipo nilipoanza kwenda mwenyewe kwenye geti la kiwanda cha mikate kila siku ya mshahara, nikapokea bahasha yote, nikamwachia nauli. Nilikuwa nimeona hesabu za nyumbani hazikai sawa, nikahisi kuna mwanamke anakula. Kumbe aliyekuwa anakula ni mtoto.

Ningetakiwa kuona haya. Niliona haya kidogo. Zaidi niliona wivu, kwamba kwa miaka mitano alikuwa anakwenda mlangoni kwa yule kila mwezi na kurudi kwangu na mikate.

Wifi alikuwa akimbana karani. "Sasa kama alikuwa anatoa, mbona hawajahesabu?"

"Alitoa kwa mkono, hana risiti. Halafu hiyo ni ya zamani, deni hili ni la baada ya amri. Ndiyo maana tunawaambia watu walipie hapa mahakamani au benki, karatasi ibaki."

"Na wala hawakuoana."

"Mtoto haulizwi kama wazazi walioana, dada. Baba ni baba. Hakimu anatazama mtoto anahitaji nini na baba anapata nini, anapanga. Hali ya baba ikibadilika, anarudi kuomba apunguziwe. Asichoruhusiwa ni kunyamaza."

"Hakunyamaza. Hakuitwa."

"Hilo tunalo pia." Karani akalamba kidole, akafunua kurasa. "Wito ulirudi umesainiwa. Huu hapa."

Sikuutazama. Nilitazama dari, mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yamechora duara.

Karani alichukua kile kikaratasi cha ruhusa, akakilaza kando ya wito. Akatazama huku, akatazama huku. Akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena.

"Mumeo ana sahihi mbili?"

Wifi akainama. "Si nilisema. Tarishi amehongwa, kajisainia mwenyewe."

"Tarishi ameapa. Anasema alifika nyumbani, akapokewa na mwanamke, karatasi ikapelekwa ndani, ikatoka imesainiwa." Karani alisema hivyo akinitazama mimi.

Wifi naye akageuka, akanitazama. Ile pumzi ya maneno kumi ikakatika.

"Labda alisaini na usingizi," nikasema.

"Labda," karani akasema, akaanza kufunga kamba. "Mimi natunza karatasi, sihukumu. Ila nitawaambia kitu kimoja. Hakimu ataonyeshwa sahihi hii saa nane. Mumeo akikubali ni yake, maana yake aliitwa akadharau, na leo analala gerezani. Ikionekana si yake, anaweza kuomba amri itenguliwe, aachiwe, asikilizwe upya. Lakini lazima ajulikane aliyesaini."

"Na aliyesaini atafanywa nini?" nikauliza.

"Kughushi ni kosa la jinai, dada yangu."

Tukatoka. Wifi alitembea hatua tatu mbele yangu, hakugeuka.

Kwenye korido ndefu palikuwa na benchi. Lile benchi. Mwisho wake amekaa mwanamke peke yake, mkoba mapajani.

Jamani, nilikuwa nimejiandaa kwa mrembo. Miezi saba nilikuwa nampaka rangi kichwani, namvisha, namrefusha, namtia mwendo. Niliyemkuta ni mwanamke wa kawaida kabisa, miwani minene, viatu vya kazini vilivyolika kisigino, nywele kazibana tu. Mngedhani nilipumua. Sikupumua. Mrembo ningemwelewa. Huyu alipendwa kwa nini? Kwa kitu gani ambacho mimi sikioni na mume wangu alikiona?

"Habari za saa hizi, Mama Bonge," akasema.

Nikagutuka. "Unanijua?"

"Uliwahi kuja dukani kuchukua dawa ya kikohozi cha mtoto. Nikakwambia vijiko viwili, ukaniambia andika."

Nikakumbuka. Kichupa cha kahawia, mwandiko safi kwenye karatasi. Nilimpa Bonge dawa ile siku saba, na yule aliyeniandikia alijua mimi ni nani, mimi namshukuru kama mjinga.

"Kwa hiyo ulikuwa unanitazama, unanicheka," nikamwambia.

"Nilikuwa nafanya kazi." Akasogeza mkoba. "Sikuja kumfunga mtu. Mtoto amerudishwa nyumbani mara mbili kwa ada. Ningekuwa na pengine pa kugonga, ningegonga."

"Ungegonga kwangu."

"Ungenifungulia?"

Saa nane ikagonga, tukaitwa.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni moja inazunguka kwa kuchoka. Hakimu alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya upole inayotisha kuliko makelele. Bi Dawa, ndivyo nilivyokuwa nimeshampachika jina, alikaa mbele kulia. Mume wangu aliletwa akasimama kushoto. Mimi na wifi tulikaa nyuma, na kati yetu wifi aliacha nafasi ya mtu mzima kukaa.

Nilikuwa nimeamua. Nitanyamaza. Tarishi atalaumiwa, au karani, au nani. Mume wangu atasema "si yangu", watababaika, ataachiwa. Mimi sitatajwa. Nilijiambia hivyo mara tatu.

Hakimu akampelekea karatasi kwa mkono wa askari. "Tazama hapo chini. Sahihi hiyo ni yako?"

Mume wangu akaitazama.

Nikaona mabega yake yakishuka. Sikuwa nimefikiria jambo moja dogo. Ripoti za shule za Bonge nazisaini mimi kwa jina lake, maana shule inapofunga yeye amelala. Miaka yote hiyo anaziona ukutani. Mwandiko wangu wa jina lake anaujua kuliko anavyojua wake.

Hakugeuka nyuma.

"Ni yangu, mheshimiwa," akasema.

Wifi akajishika mdomo.

"Una hakika? Unaelewa maana ya jibu hilo? Uliitwa, ukasaini, hukuja, ukapewa amri, hukulipa."

"Naelewa. Ni yangu."

Hapo mke mwema angeinuka. Najua mnangoja niwaambie niliinuka. Sikuinuka. Nilishika ubao wa kiti kwa mikono miwili na nikafurahi, ndiyo, nikafurahi, kwamba mume wangu amenichagua mimi mbele ya yule. Anakwenda gerezani kwa ajili yangu na yule anaona.

Hakimu alishika kalamu.

Ndipo Bi Dawa aliposimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema. Sahihi hiyo si yake. Jana niliiona kwenye faili nikashangaa, nikadhani labda amebadilisha. Lakini huyu hajabadilisha. Sahihi yake huanzia chini, na mkia wa mwisho anaurudisha nyuma mpaka unakata jina. Nataka matunzo ya mwanangu, sitaki mtu afungwe kwa uongo."

"Unaijuaje sahihi yake?" hakimu akauliza.

"Ninazo barua zake." Akaweka mkono juu ya mkoba. "Nimekuja nazo."

Barua.

Miaka saba ya ndoa. Mtu yule hajaniandikia hata orodha ya sokoni. Akitaka kitu anapaza sauti toka chumbani. Kumbe mkono ule unajua kuandika barua, na umeandika nyingi kiasi cha kubebwa ndani ya mkoba, na mwanamke mwingine anajua mkia wa jina la mume wangu unaelekea wapi.

Na sasa atafungua mkoba. Atazitoa moja moja, hakimu atazisoma, mume wangu ataachiwa. Atatoka kwenye mlango ule mtu huru kwa mkono wa yule, na maisha yake yote atakuwa anakumbuka kwamba siku ile mke wake alikaa nyuma na yule ndiye aliyesimama.

Hapana. Nikiwa hai, hapana.

Nikainuka. Msinisifu hata kidogo. Sikuinuka kwa ajili ya ukweli, wala kwa ajili ya mtoto mwenye masikio ya mume wangu. Niliinuka ili asiwe yeye.

"Mheshimiwa, acha barua zake," nikasema. "Sahihi hiyo ni yangu. Mimi mke wake. Niliisaini amelala, na wito nikauchoma."

Feni ilizunguka. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Unajua umesema nini, mama?"

"Najua."

"Askari, simama karibu na mlango. Huyu mama asitoke."

Nilisikia buti zikisogea nyuma yangu. Sikujali. Nilikuwa namngoja mume wangu ageuke. Nilikuwa nimemwokoa mimi, nimelipa mimi, na nilitaka kitu kimoja tu duniani, anitazame.

Akageuka.

Macho yake yalinipita kama mtu anayepita kiti. Yakaenda mbele kulia, yakashuka mpaka kwenye ule mkoba, na kwa sauti ya chini, sauti ambayo katika miaka saba sijawahi kuisikia nyumbani kwangu, akamuuliza Bi Dawa:

"Bado unazo?"